MBU HANA KADI YA CHAMA

Ifuatayo ni mada iliyosomwa mbele ya vijana mjini Bagamoyo na tabibu mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika zahanati za pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam. Tunaichapa kama alivyoisoma, kwa ajili yako msomaji ambaye hukuwepo.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotuheshimu kwa kufika, na ninyi vijana mliojaza mabenchi haya hadi wengine mmekaa juu ya pikipiki zenu.   

Nimeombwa nizungumze juu ya afya na amani. Wakati naingia hapa nilimsikia kijana mmoja akimnong'oneza mwenziwe: "Daktari na amani wapi na wapi? Amani si kazi ya polisi?" Kijana huyo namshukuru, maana amenipa pa kuanzia. Kwanza, mimi si daktari, ni tabibu wa zahanati, msinivike kilemba cha ukoka. Pili, swali lake ni la haki. Tumezoeshwa tangu utoto kwamba amani ni kitu kinacholindwa na mtu mwenye bunduki, na sisi wengine kazi yetu ni kutulia. Nataka nikuonyeshe wewe kijana kwamba amani inajengwa au inabomolewa mahali pengine kabisa: kwenye benchi la zahanati, kwenye foleni ya chanjo, na mlangoni mwa wodi ya majeruhi usiku wa vurugu.

Sitaanza na wengine. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

KIJANA NILIYEMFUKUZA

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, katikati ya miaka ya 1990. Mageuzi ndiyo kwanza yameingia, bendera zimesimikwa kila kona, ndugu wa baba mmoja hawasalimiani. Nilikuwa zahanati moja ya pwani hii, sitaitaja. Usiku, baada ya mkutano wa hadhara uliovunjika kwa mapanga na marungu, aliletwa kijana mvuvi, mkono umechanwa, damu inachuruzika mpaka kwenye kizingiti. Nje wamesimama mgambo wawili.

Badala ya kushika sindano na uzi, nikashika kalamu. Nikamwuliza: "PF3 iko wapi?"

Wewe unaijua PF3. Kila mwendesha bodaboda anaijua. Ni ile fomu ya polisi ambayo mtu aliyepigwa au kugongwa alikuwa akitakiwa awe nayo ndipo ahudumiwe. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, usafiri hakuna, na kibaya zaidi, yule kijana ni mmoja wa waliokuwa wakitafutwa. Kumwambia aende polisi ilikuwa ni kumwambia aende mahabusu na mkono wake ukining'inia. Alinitazama, akawatazama mgambo, akaondoka. Mama yake akamfunga majani na kitambaa.

Siku ya sita walimrudisha. Vidole vitatu vimekuwa vyeusi. Nikamkimbiza hospitali ya wilaya, wakavikata. Mvuvi asiye na vidole atavuta jarife kwa nini? Kwa meno?

Wiki ile ile dau la mtu wa upande wa pili likachomwa moto ufukweni. Kisha mashamba yakafyekwa. Halafu watu wa kijiji kimoja, wanaochota kisima kimoja, wakaacha kuzikana. Wazee walisema chanzo ni siasa. Mimi nilijua kwamba siasa ilimpa jeraha, lakini aliyemfundisha yule kijana kwamba dola nzima, mpaka muuguzi na bendeji yake, iko upande wa adui yake, ni mimi. Mkono uliotibiwa usiku ule ungekuwa jeraha la ugomvi wa mkutanoni. Mkono uliokataliwa ukawa kisasi.

Nimeishi na jambo hilo. Ndiyo maana leo nimekubali kuja hapa.

BAGAMOYO ILISHALIONA HILI

Msidhani haya ni mambo ya wazungu wa mashirika. Mji huu unayajua kabla hatujazaliwa.

Mwaka 1888, watu wa mwambao walipoinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuuchukua ushuru wao na bandari zao, moto uliwaka kuanzia Pangani mpaka kusini. Kiongozi aliyejulikana zaidi ni Bushiri bin Salim. Bagamoyo ilipigwa, nyumba zikateketea, watu wakakimbia ovyo. Walikimbilia wapi? Wengi walikimbilia Misheni, ile ile unayopita ukielekea ufukweni, iliyoanzishwa mwaka 1868. Mapadre wake wengi walikuwa Wafaransa. Padre Etienne Baur akawa mtu wa kati. Januari 1889 wamisionari wa Pugu waliposhambuliwa, wengine wakauawa na wengine wakatekwa, ni yeye aliyezungumza na Bushiri mpaka waliotekwa wakakombolewa.

Jiulize, kwa nini Bushiri, aliyekuwa akipigana na wazungu, alimsikiliza mzungu yule? Jibu langu ni hili: watu wale walikuwa wamekaa hapa miaka 20. Walikuwa wameuguza, wamezika, wamepokea watoto na wagonjwa. Sisemi walikuwa malaika. Walikuwa na yao, na Mjerumani aliposhinda hawakusimama na Bushiri, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Lakini katikati ya vita palikuwa na ua mmoja ambamo mtu angeweza kuingia na jeraha lake bila kuulizwa anatoka kambi gani. Ua huo ndio uliowezesha mazungumzo.

Chukua na mfano wa pili. Kila kijana wa Dar es Salaam anaijua wodi ya Sewahaji pale Muhimbili. Wangapi mnajua Sewahaji ni nani? Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa hapa hapa Bagamoyo, Mwislamu wa Kiismailia mwenye asili ya Kihindi, aliyetajirika kwa kuzihudumia safari za bara. Yeye ndiye aliyetoa fedha ya kujenga hospitali Dar es Salaam, ikafunguliwa mwaka 1897, mwaka aliofariki, ikatibu Waafrika na Waasia. Muhimbili ya leo ni mjukuu wa hospitali hiyo. Hapa Bagamoyo alitoa jengo la shule, na sharti lake lilikuwa kwamba isibague rangi ya mtoto. Mji uliokuwa umetoka kuuza watu na kupigana vita ulitoa mtu aliyesema mgonjwa ni mgonjwa na mtoto ni mtoto. Urithi huo ni wenu.

BUNDUKI ZILIPONYAMAZA KWA AJILI YA SINDANO

Sasa tutoke nje kidogo. Huko El Salvador, Amerika ya Kati, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu tangu 1980 mpaka 1992. Jeshi la serikali upande huu, wapiganaji wa msituni upande ule, na raia wakifa katikati. Lakini watoto wengi walikuwa wakifa pia kwa surua, polio na pepopunda. Mwaka 1985 UNICEF na Kanisa Katoliki walikwenda kwa pande zote mbili wakauliza swali moja tu: mko tayari watoto wenu wafe kwa surua? Hakuna aliyeweza kujibu "ndiyo". Basi zikapatikana siku tatu katika mwaka ule ambazo hakuna risasi. Akina mama wakapanga foleni. Katika maeneo ya wapiganaji chanjo zilifika vile vile. Siku hizo zikarudiwa kila mwaka mpaka mkataba wa amani uliposainiwa Januari 1992.

Majirani zetu wa Sudan walipata jambo kama hilo. Machi 1995, rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, alizishawishi Khartoum na waasi wa kusini wasimamishe mapigano ili watu wakapigane na mnyoo wa Guinea, ule unaoingia kwa maji machafu na kutokea mguuni. Walikubaliana miezi miwili. Wakaongeza. Ikafika karibu miezi sita.

Najua utasema: "Mzee, mbona vita vya Sudan viliendelea miaka mingine kumi?" Kweli viliendelea, mpaka Januari 2005. Sitaki kukudanganya, maana mtu anayekuambia kidonge kinamaliza vita ni tapeli kama wale wanaouza dawa moja ya magonjwa arobaini kwenye stendi. Chanjo haimalizi dhuluma iliyoleta vita. Inachofanya ni vitu vitatu. Inawalazimisha maadui kukaa meza moja na kupanga kitu kimoja, hata kama ni ratiba ya majokofu. Inawathibitishia kwamba upande wa pili unaweza kuahidi na kutimiza. Na inamkumbusha kila mmoja kwamba mtoto wa adui naye analia akichomwa sindano. Hayo ni matofali. Nyumba bado inataka kujengwa, lakini hakuna nyumba bila tofali.

NG'AMBO YA PILI YA BAHARI

Ukisimama ufukweni hapa ukatazama mashariki, Unguja iko hapo. Nani kati yetu hana ndugu ng'ambo ile? Basi tukumbuke Januari 2001. Tarehe 26 na 27, katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa 2000, vyombo vya dola viliua raia Unguja na Pemba. Tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Shirika la Human Rights Watch lilisema si chini ya 35, na majeruhi zaidi ya 600. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyojisifu kupokea wakimbizi wa Afrika nzima, ikazalisha wakimbizi.

Sasa mfikirie majeruhi wa Wete au Micheweni siku ile. Ana risasi ya paja. Kwenda hospitali ni kujitambulisha kwamba ulikuwepo. Kubaki nyumbani ni kuoza. Ndilo lile lile swali la kijana wangu mvuvi, safari hii likiulizwa na kisiwa kizima.

Na kabla ya hapo mnakumbuka hali ya Pemba na Unguja ilivyokuwa. Watu walisusiana dukani, walisusiana msibani, ndoa zilivunjika kwa sababu ya kadi. Muafaka ulisainiwa Oktoba 2001, lakini karatasi ni karatasi; mioyo ilibaki na kutu.

Katika miaka hiyo hiyo ikaja kazi nyingine, isiyopigiwa ngoma. Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutoa dawa mseto ya malaria. Vikafuata vyandarua vyenye dawa, na kuanzia 2006 upuliziaji wa dawa majumbani. Hebu tazama mantiki yake. Mpuliziaji hawezi kupuliza nyumba za chama kimoja akaacha za chama kingine. Akiacha nyumba moja, mbu wa nyumba hiyo atavuka ua usiku na kwenda kumng'ata sheha. Mbu hana kadi ya chama! Kwa hiyo kila mlango ulipaswa kubishwa hodi, na kila mlango ulipaswa kufunguliwa. Na ilifanikiwa: ndani ya miaka michache, vimelea vya malaria vilipopimwa katika damu za watu vilikuwa vimeshuka hadi chini ya asilimia 1 karibu visiwa vyote. Wodi za watoto zilizokuwa zikilaza wawili wawili kitanda kimoja zikapumua.

Sidai kwamba chandarua ndicho kilicholeta Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Karume na Maalim Seif, wala kura ya maoni ya Julai 2010 iliyofungua njia ya serikali ya umoja. Hiyo ilikuwa kazi ya siasa, na ya watu waliokufa wakiidai. Ninachosema ni kwamba watu waliokuwa hawasalimiani walikubaliana kufungua milango kwa ajili ya jambo moja, na jambo hilo likafaulu mbele ya macho yao. Mtu aliyeona kitu kimoja kikifaulu kwa pamoja ni rahisi kumshawishi kwa cha pili.

AFYA IKIWA NA UPANDE, INAUA

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana wapo wanaopenda kuhubiri afya na amani huku wakificha upande wa pili wa shilingi. Afya ikitekwa na siasa, inazaa vita.

Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Watu wa Beni na Butembo walikuwa wamechinjwa na makundi ya wapiganaji kwa miaka, na hakuna msafara wa magari meupe uliokuja. Ugonjwa ulipokuja, magari yakajaa. Wakajiuliza: "Kumbe mlikuwepo?" Halafu Desemba mwaka ule, siku chache kabla ya uchaguzi, wakuu wa Kinshasa wakatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura tarehe 30 kwa sababu ya Ebola na usalama, watapiga Machi, wakati rais atakuwa ameshaapishwa. Maeneo hayo yalikuwa ngome ya upinzani. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, sanduku la kura tu ndilo lililoonekana kuambukiza.

Kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola mjini Beni. Wagonjwa wakakimbia. Siku ya kura wananchi wa Beni wakajipanga, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe ya mfano kuonyesha kwamba inawezekana. Lakini imani ilikuwa imekwisha kufa. Aprili 2019 daktari wa WHO, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu Butembo. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa, ingawa chanjo ilikuwepo na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Chanjo bila imani ni maji ndani ya pakacha.

Na kaskazini ya Msumbiji, mvuke wa Ruvuma tu, kumekuwa na miaka ambayo watu waliwavamia wafanyakazi wa afya na wa Msalaba Mwekundu wakiamini kwamba dawa ya klorini wanayotia visimani ndiyo inayoleta kipindupindu. Mwaka 2009 wengine waliuawa. Wakubwa wanasema ni ujinga wa wananchi. Mimi nasema, mtu aliyesahauliwa na dola miaka yote, siku dola inapokuja kutia kitu kwenye kisima chake, ana haki ya kuuliza ni nini. Kuua ni dhambi. Kutoeleza ni kosa pia.

PWANI YETU LEO

Turudi nyumbani. Pwani hii kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege mpaka Makurunge na Saadani haina vita, tunamshukuru Mungu. Lakini ina chembe za ugomvi, na wewe unazijua. Kuna mkulima na mfugaji. Msidhani ni mzaha: Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni, Kilosa, mkoa jirani, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kuna ardhi: Saadani ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, watu wa Uvinje walibaki wakidai kwamba kijiji chao kimemezwa. Kuna mji wa Dar es Salaam unaokuja mbio kama moto wa nyika, na kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu watatu.

Na hapa hapa tunayo dawa. Miaka ya 1990 vijiji vya wilaya hii, Yombo na jirani zake, vilikuwa miongoni mwa vya mwanzo nchini kujaribu vyandarua vilivyochovywa dawa. Kazi haikufanywa na maprofesa peke yao. Ziliundwa kamati za vijiji, zikauza vyandarua, zikachovya, zikatunza hesabu. Baadaye watoto wa Bagamoyo wakashiriki katika majaribio ya chanjo za malaria kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, tawi la hapa. Chanjo hizo zilipopitishwa na WHO, moja Oktoba 2021 na nyingine Oktoba 2023, dunia ilishangilia. Wangapi walimshukuru mama wa Bagamoyo aliyekubali mwanawe achomwe sindano ambayo hakuna aliyekuwa na hakika nayo? Alikubali kwa sababu alielezwa, akauliza, akajibiwa, akawa na haki ya kukataa. Hicho ndicho kinachoitwa imani, na imani hiyo ikihamishiwa kwenye mgogoro wa malisho na mashamba, inafanya kazi.

Mimi nimeliona. Kipindupindu cha mwaka 1997 kilipoikumba nchi, kilifika na kwenye kijiji kile cha kijana wangu. Pande zote mbili zililazwa kwenye hema moja, ndoo moja kwa kila kitanda. Tukaunda kamati ya kisima: watu watatu wa huku, watatu wa kule. Mikutano miwili ya kwanza hakuna aliyemtazama mwenziwe. Wa tatu walibishana juu ya nani atachimba choo cha shule. Wa nne walichimba. Yule kijana wa vidole viwili alikuwa akibeba klorini. Hawakupatana siku hiyo, nisiwatungie hadithi. Walianza kusalimiana. Mwaka uliofuata alipokufa mzee wa upande wa pili, walikwenda kuzika.

USIKU WA OKTOBA

Siwezi kumaliza bila kusema lililo mioyoni mwenu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, na siku zilizofuata, vijana wa rika lenu walitoka barabarani Dar es Salaam na miji mingine. Watu waliuawa. Amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa jijini, intaneti ikazimwa. Novemba serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Sikuja hapa kubishania idadi. Nina swali la tabibu: majeruhi wa usiku ule alijua mlango wa kubisha hodi? Aliamini kwamba akifika atashonwa kwanza? Kama hakuamini, basi tumejeruhiwa zaidi ya tunavyohesabu, maana kidonda kinachofichwa ndicho kinachooza.

Na hili si ombi la hisani. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 1990, huko Havana, kanuni za matumizi ya nguvu na silaha kwa polisi. Zinasema bayana kwamba nguvu ikishatumika, majeruhi apewe huduma ya tiba mapema iwezekanavyo. Yeyote. Hazisemi majeruhi wa upande gani. Hata vitani, tangu Mkataba wa Geneva wa 1864, askari wa adui aliyeanguka ni mgonjwa. Itakuwaje raia wa nchi moja apewe heshima pungufu ya askari wa adui?

Kwa hiyo yapo mambo manne ya kudai, na sidhani kama kuna chama chenye haki ya kuyakataa.

Kwanza, tibu kwanza, fomu baadaye. Viongozi wa wizara wamekuwa wakisema hadharani kwamba majeruhi mwenye hali mbaya asicheleweshwe kwa sababu ya PF3. Tunataka maneno hayo yabandikwe ukutani katika kila zahanati, kwa herufi kubwa, ili tabibu mwoga kama nilivyokuwa mimi awe na pa kuegemea.

Pili, bunduki ibaki nje ya wodi. Wodi si chumba cha mahojiano.

Tatu, zahanati isipandishwe bendera ya chama chochote, chetu kikiwemo. Nasema hivyo katika gazeti lenu na sitaki palainishwe. Siku chama chenu kitakaposhika dola, mkatumia gari la wagonjwa kubebea wapambe na dawa kugawia wanachama, mtakuwa mmeyarudia yale yale. Vigogo wenye uwezo watapanda ndege kwenda kutibiwa India. Mlalahoi wa chama chochote atabaki na zahanati hiyo moja.

Nne, ingia ndani. Kila zahanati inapaswa kuwa na kamati yake yenye wawakilishi wa wananchi. Mnalalamika dawa hakuna, je, mmewahi kuuliza mjumbe wenu ni nani? Kagombee. Jifunze huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu, ujue kuzuia damu kwa kitambaa na mikono miwili. Bodaboda anayejua hilo anaokoa watu wengi kuliko mimi. Changia damu. Chupa ya damu haiandikwi chama cha aliyetoa, na atakayeipokea huenda ni yule aliyekutukana jana kwenye mkutano. Mwache aishi, mtabishana kesho.

Yule kijana aliyenong'ona mlangoni, natumaini bado yupo. Mwanangu, polisi anaweza kunyamazisha mtaa. Kunyamaza si amani. Hata makaburini pamenyamaza. Amani ni pale mtu aliyejeruhiwa usiku, bila kujali alikuwa upande gani, anaujua mlango mmoja ambao ukibishwa hodi utafunguliwa. Mimi niliufunga mara moja. Yule mvuvi bado yu hai, tunasalimiana. Kila akinipa mkono, nahesabu vidole.